UCHAMBUZI: Kituo cha hewa kisichotunzwa ni hatari kuliko kutokuwa nacho

KILA masika yanapobisha hodi, mkulima wa Kakamega hukabiliwa na swali lile lile: apande lini? Jibu analopewa na watabiri hutegemea vyombo vichache vilivyosimikwa uwanjani, ambavyo wapita njia wengi hawavitupii jicho.

Kakamega hupata takriban milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, kiasi kikubwa mno kikilinganishwa na sehemu nyingi za nchi. Hata hivyo, mvua hiyo haina usawa. Upepo wenye unyevu kutoka Ziwa Victoria unapokutana alasiri na ule wa mashariki, huzuka radi na mvua ya mawe inayoweza kuharibu mashamba ya Shinyalu huku Mumias kukiwa na jua. Kwa hivyo, kituo kimoja cha mjini hakiwezi kueleza hali ya kaunti nzima.

Manufaa ya vituo hivi hayaishii kwenye taarifa za redioni. Mto Nzoia huanzia nyanda za juu za Cherangani na Mlima Elgon, ukapitia Kakamega na kuingia ziwani kupitia Budalang'i, Kaunti ya Busia. Mvua inayopimwa juu leo ni onyo kwa wakazi wa bondeni. Aidha, mpango wa bima wa Kilimo Salama, ulioanzia Laikipia mnamo 2009, ulitumia takwimu za vituo kuamua nani alipwe fidia, bila mkaguzi kufika shambani. Katika bima ya aina hiyo, chombo kikikosea, mkulima aliyepata hasara anaweza kukosa haki yake.

Hapo ndipo penye kiini cha suala hili. Ndani ya kipimamvua cha kisasa mna kijikopo kinachopinduka kila kinapojaa kiasi kidogo cha maji, na kila mpinduko huhesabiwa. Jani moja, kinyesi cha ndege au kiota cha nyigu kikiziba mdomo wa chombo, kijikopo hakipinduki. Kituo hakilalamiki, huandika sifuri. Sifuri hiyo husafiri hadi kwa watabiri ikiwa na heshima yote ya sayansi, ilhali nje mafuriko yanabisha mlangoni. Asiye na kituo angalau anajua kwamba hajui.

Utunzaji wenyewe si wa gharama ya kutisha. Ni kusafisha kipimamvua, kupangusa vumbi kwenye paneli za sola, kufyeka nyasi, kubadilisha betri na kulipia laini ya simu inayotuma takwimu. Vipimo pia hulinganishwa mara kwa mara na chombo kinachoaminika. Mti au jengo halifai kusogea karibu: kipimaupepo huwekwa mita 10 juu ya ardhi, na inapendekezwa kizuizi kiwe mbali nacho angalau mara 10 ya kimo chake. Katika udongo wenye rutuba kama wa Kakamega, miche ya jana ni ukuta wa kesho.

Nani basi awajibike? Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa ni asasi ya serikali kuu, ilhali huduma za kilimo ziligatuliwa 2013. Katikati ya wawili hao, kituo kinaweza kugeuka yatima. Mradi wa TAHMO, wenye makao Nairobi, umeweka vituo vingi shuleni, ambako wanafunzi hujifunza na walinzi wapo. Huo ni mfano wa kuigwa, mradi mwalimu anayekitunza kituo atambuliwe na kuwezeshwa.

Watabiri wa jadi wa Nganyi huko Bunyore, kaunti jirani ya Vihiga, ambao wataalamu wa Idara wamewahi kuandaa utabiri pamoja nao, hujulikana kwa kuchunguza miti, ndege na wadudu bila kukoma. Ujuzi wao, kama ule wa vituo, husimama juu ya mtazamaji asiyechoka.

Kwa hivyo, mwaka mpya wa kifedha unapoanza kila Julai, wawakilishi wa wadi wasiulize tu ni vituo vingapi vitazinduliwa. Waulize pia ni vingapi vya zamani vinavyosema kweli, na nani analipwa kuvisafisha. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.