Vijana wenye ulemavu wapewe ufundi, si senti za Ijumaa

Kila Ijumaa baada ya swala hutoka watu misikitini wakiwa na sarafu mkononi. Mlangoni wamekaa ndugu zetu: asiyeona, asiye na mguu, kiziwi anayeashiria kwa vidole. Tunatoa, tunaombewa dua, tunakwenda zetu. Ijumaa ya pili tunawakuta pale pale.

Sadaka hiyo ina ujira wake mbele ya Mwenyezi Mungu, wala hatuidharau. Hata hivyo, lipo swali ambalo jamii yetu bado haijalijibu. Kijana mwenye ulemavu aliyemaliza kidato cha nne, mwenye akili na nia ya kujitegemea, tumemwandalia nini zaidi ya sarafu?

Tunaliuliza swali hili tukiitazama Ganako na kata jirani zake wilayani Karatu. Hapa ndipo hupita wageni wanaokwenda Ngorongoro kupitia lango la Lodoare, na kwa ajili yao zimejengwa hoteli nyingi. Hoteli zinahitaji mikate iokwe, shuka zifuliwe, mapazia na sare zishonwe, bustani zitunzwe, hesabu ziandikwe na simu zipokewe. Ndugu msomaji, ipime kazi moja moja. Mshonaji hahitaji masikio ili apinde pazia. Mwandika hesabu hahitaji miguu. Na asiyeona aliyefunzwa vyema aweza kupokea simu za wageni kutwa nzima.

Sheria nayo haikunyamaza. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya mwaka 2010, inamtaka kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kwamba asilimia 3 yao ni watu wenye ulemavu. Maana yake ni kwamba hoteli yenye watumishi 100 yapaswa kuwa na watatu wa namna hiyo. Aidha, tangu mwaka 2018 sheria inaziagiza halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ilisimamishwa mwaka 2023 ili utaratibu wake urekebishwe, ikarejeshwa mwaka 2024. Tena haina riba, hivyo Muislamu hana udhuru wa kuikimbia.

Basi fundo liko wapi? Kwa maoni yetu, fundo liko katikati, baina ya shule na kazi. Mwajiri hamchukui asiyejua kazi, na mkopo alioshika asiye na ufundi huishia kuwa deni. Serikali iliondoa ada hadi kidato cha nne mwaka 2016, na hadi kidato cha sita mwaka 2022. Lakini kijana akitaka kujifunza ufundi hukutana na nauli, malazi, chakula, vifaa, na kwa kiziwi, mkalimani wa lugha ya alama. Chuo cha VETA cha hoteli na utalii kipo Njiro, Arusha. Chuo cha Serikali cha ufundi kwa watu wenye ulemavu kipo Yombo, Dar es Salaam, mamia ya kilomita kutoka Karatu. Mzazi anayelima mahindi na maharage mteremkoni, mwenye watoto wengine wa kulisha, huanza kusomesha wale anaodhani watamlipa. Mwenye ulemavu hubaki nyumbani.

Hapo ndipo penye wajibu wetu. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, akiwemo Imamu Nawawi aliyefariki mwaka 1277, wameeleza kwamba fakiri mwenye ufundi hupewa katika zaka kiasi cha kununua zana za kazi yake, ziwe za bei ndogo au kubwa, ili atoke katika ufakiri. Haya ndiyo makusudio ya zaka: anayepokea mwaka huu ajitegemee miaka inayofuata. Nani basi anastahiki cherehani kuliko binti asiyesikia aliyehitimu ushonaji?

Wala tusidhani kwamba kumpa kazi mwenye ulemavu ni kumhurumia. Mtume, rehema na amani zimshukie, alimfanya Abdullah bin Ummi Maktum, sahaba asiyeona, kuwa mwadhini wake pamoja na Bilal, na alipokuwa akisafiri alimwachia Madina. Huo ulikuwa ni uaminifu na madaraka.

Mfano wa karibu tunao hapa nchini. Mwaka 2003, Dayosisi ya Ruaha ya Kanisa Anglikana ilianzisha Neema Crafts mjini Iringa kwa vijana watatu viziwi waliofundishwa kutengeneza karatasi, hata kwa kinyesi cha tembo. Karakana ile ikakua, ikawaajiri watu wengi wenye ulemavu. Jambo jema halina aibu kuigwa, hata likitoka kwa jirani wa dini nyingine, na ulemavu wenyewe hauulizi dini.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, kila msikiti uwaorodheshe vijana wenye ulemavu wa mtaa wake na ufundi anaoutaka kila mmoja, badala ya kuwachagulia. Pili, matajiri wetu waweke wakfu, hata wa chumba kimoja cha duka, kodi yake ilipe nauli na malazi ya wanafunzi hao. Tatu, wakihitimu, viongozi wa dini zote waende nao halmashauri kuomba ile asilimia 2, na hotelini kuulizia ile asilimia 3, kwa adabu lakini bila kuchoka.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Wengi huitumia methali hii kuonea huruma. Sisi tunaisoma kuwa ni onyo: chuo, mkopo na ajira tutakazowapigania vijana hawa leo, huenda kesho tukavihitaji sisi wenyewe au wana wetu.

Wabillahi tawfiq.