Acheni Kuabudu Maboksi

Nasema mapema ili asiwepo wa kulalamika baadaye: vijana wengi mnaotaka kufungua studio nyumbani mnaibiwa, na anayewaibia mnampigia makofi. Mnauza mahindi, mnauza baiskeli, mnakopa kwa shangazi, halafu fedha yote inakwenda kwenye boksi la chuma lenye taa nne na mshale unaocheza. Eti kompresa. Eti bila hiyo ngoma haiwi ya studio. Jamani, hebu tukae chini tuongee.

Nayajua haya kwa sababu na mimi niliingia mkenge. Hapa Mpitimbi, kusini mwa Songea, tulichanga washikaji watatu fedha za magunia 22 ya mahindi. Tukaagiza kompresa na priamp za mitumba kwa muuzaji mmoja wa mjini. Vilipofika, watu walikuja kuangalia taa. Tukamwita mzee mmoja jirani yetu, mwimbaji wa lizombe, ambaye akianza kuimba hata walevi wananyamaza. Akaimba. Tukasikiliza tulichorekodi. Tulisikia bati, tulisikia jogoo, tulisikia ukuta ukimjibu mzee kila neno. Mzee mwenyewe tulimsikia kwa mbali, kama mtu anayeita kutoka ndani ya pipa.

Tulifanya nini? Tulimwambia, "Babu, subiri kidogo, tunatafuta fedha za boksi jingine."

Sasa niwaeleze kilichotokea, maana hapa ndipo penye changa la macho. Kompresa haina uchawi. Kazi yake ni kuishusha sauti inapopanda kupita kiwango ulichokiweka, kisha wewe unapandisha kila kitu kwa pamoja ili kiwe na nguvu. Kila kitu, ndugu yangu! Mwimbaji anaponyamaza kuvuta pumzi, kompresa inaachia, na vile vilivyokuwa chini, yaani mwangwi, feni na jogoo, vinapanda juu. Ukiwa na chumba kibaya, kompresa inakuwa mpiga mbiu wa ubaya wa chumba chako. Sisi tulilipa magunia 22 ili jogoo wa jirani asikike vizuri.

Fuateni njia ya sauti yenyewe. Inatoka kinywani, inapita kwenye hewa ya chumba, inaingia kwenye maiki, inapita kwenye waya, inakuzwa na priamp, ndipo inafika kwenye kompresa kama ipo, halafu inageuzwa tarakimu na kuingia kwenye kompyuta. Ukichafua kisima huwezi kuyasafisha maji kwa kubadilisha ndoo. Chumba kiko mwanzoni, boksi la taa liko karibu na mwisho, na nyie mnaanza kununua kutoka mwisho!

Najua mtaniambia: mbona studio kubwa za Marekani na Uingereza wanazo? Wanazo, ndiyo. Lakini ulizeni zilitengenezwa kwa ajili gani. Ile kompresa maarufu ya 1176, kazi ya Bill Putnam, ilitoka mwaka 1967, enzi za utepe. Utepe una kelele yake ya "shiii". Ukirekodi sauti ndogo inazama humo, ukirekodi kubwa mno inakwaruza. Kwa hiyo fundi alihitaji kitu cha kuibana sauti kabla haijafika kwenye utepe. Leo kadi ya sauti ya bei chee inarekodi kwa biti 24. Kwa hesabu hiyo ni nafasi ya desibeli 144, wakati CD yenye biti 16 ina 96. Kadi yenyewe haizifikii zote 144, lakini inazozifikia zinatosha na kubaki kwa chumba chochote chenye bati. Acha kilele kiishie desibeli 10 au 12 chini ya sifuri, ulale usingizi wako. Kubana utabana baadaye ndani ya kompyuta, na ukikosea unafuta. Ukibana kwa boksi wakati wa kurekodi, ukakosea, hakuna wa kukufutia.

Wapo pia walioiona maiki ya Shure SM7B kwenye video za watangazaji, wakaikimbilia, kisha wakalia kwamba sauti haitoki. Maiki ile inataka kukuzwa desibeli 60 hivi bila kelele, na kadi nyingi za bei ndogo zinafika hapo zikihema. Hapo ndipo priamp ya pembeni ina maana. Unainunua kwa sababu maiki yako inaidai. Ukiinunua kwa sababu ya picha uliyoiona, umeuziwa mbuzi kwenye gunia.

Na tukumbuke tulikotoka. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari kutoka Zanzibar hadi Bombay ili sauti yake iingie kwenye santuri. Studio ilikuwa ng'ambo. Mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi ngoma za wenyeji nje, uwanjani, maiki akiwa ameishika mkononi, anaisogeza kwa mwimbaji, anaisogeza kwa zeze. Jenereta lake aliliweka mbali ili lisisikike. Aliondoa kelele kwanza, akasogeza maiki karibu, basi. Miaka ya 1970 bendi zetu ziliingia studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam zikapiga wote pamoja kwa mkupuo, na mpaka leo tunazicheza. Walioyafanya hayo hawakuwa na hata robo ya uwezo uliomo kwenye kompyuta ya mapajani ya mtoto wa sekondari.

Lakini angalieni na upande wa pili. Kazi za Tracey zimetunzwa kwenye maktaba aliyoianzisha mwaka 1954 huko Afrika Kusini. Nyimbo za babu zetu zinatunzwa ugenini kwa sababu mgeni hakusubiri vifaa vikamilike. Sisi wenye nyimbo ndio tunaosubiri.

Mnataka orodha ya manunuzi? Haya. Kwanza chumba. Chagua chenye vitu vingi, si kitupu. Sisi tulihamia stoo, katikati ya magunia ya mahindi, tukasimamisha magodoro mawili nyuma ya mwimbaji na kutundika mablanketi. Ukuta ukaacha kujibu. Pili, maiki ya kawaida ya kushika mkononi. SM58 iko sokoni tangu 1966 na haijazeeka. Isogeze shubiri moja kutoka mdomoni. Kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti ya mwimbaji inaongezeka desibeli 6 hivi na mwangwi unabaki pale pale. Hiyo ni bure! Tatu, kadi ya sauti yenye priamp mbili. Nne, hedifoni unazozizoea. Umeme wa gridi ulifika Songea mwaka 2018 na tunashukuru, lakini ukisikia ule mngurumo wa "nnnn", chomoa chaja ya kompyuta urekodi kwa betri. Rekodi usiku, mashine ya kusaga ikishazimwa. Na mvua ya masika ikianza kupiga bati, hakuna priamp ya kukuokoa. Zima, nenda kalale.

Sisemi maboksi ni takataka. Fundi anayerekodi waimbaji kumi kwa siku, mwenye chumba kizuri na masikio yaliyokomaa, kompresa ya kweli inampa ladha na inamwokolea muda. Anunue. Lakini wewe ambaye hujarekodi hata nyimbo tano, ladha gani unayoitafuta?

Yule mzee hakusubiri. Alifariki masika yale yale, kabla hatujagundua stoo. Tulichobaki nacho ni ile rekodi moja, yenye bati na jogoo. Nimeipitisha kwenye kila programu niliyonayo. Mwangwi ukishaingia haung'oki. Mjukuu wake huja kuniomba nimpigie, anasogeza sikio karibu na spika, na mimi naangalia pembeni.

Kwa hiyo msinionyeshe picha za mashine zenu. Nionyesheni mliyemrekodi wiki hii. Na nyie waandishi mnaosubiri kompyuta mpya ndipo mwanze kuandika, msicheke, ugonjwa ni ule ule. Kompresa yetu bado ipo, taa zinawaka vizuri kabisa. Anayeitaka aje na gunia moja. Na anayenipinga aje na hoja, ukurasa ndio huu.