Lehemu yenye risasi: Ulaya imekataza, wewe je?

Kama wewe ni wa kufungua redio mbovu na kuzirudishia uhai, skia hii. Tangu Machi 1, 2018, mtu wa kawaida kwenye Umoja wa Ulaya hafai kuuziwa lehemu yenye risasi ya asilimia 0.3 au zaidi. Fundi wa kazi bado anauziwa. Wewe unayejifunzia mezani nyumbani, zii.

Sababu ipo. Risasi, ile ya madini si ya bunduki, inaharibu uzazi na ubongo wa mtoto. Kiwandani kuna sheria za kumlinda mfanyakazi, lakini kwako nani atakagua kama ulinawa kabla ya kushika chapo? Hapo nawapa haki yao.

Shida ni hii: lehemu ya 63/37 inayeyuka kwa nyuzi 183, isiyo na risasi inataka kama 217. Moto ukizidi, anayeanza ndiye huunguza bodi. Na ule moshi unaokukohoza si risasi, ni flaksi, na inaweza kukuletea pumu. Marufuku haijaigusa.

Kwetu, waulize watu wa Owino Uhuru, Mombasa, risasi ni nini. Lakini pale sumu ilitoka kwa kiwanda cha kuyeyusha betri, si kwa kijana na kipande cha waya. Serikali ikitaka kukaza, ianze na hao wakubwa.

Wewe ukinunua rola Luthuli, soma lebo. Fungua dirisha, nawa na sabuni, na ufagie vipande kabla mtoto hajatambaa hapo.