Tufunge paa kwanza, sumu baadaye



Kila msimu tukipita hapa Ituri tunaulizwa swali lile lile: "Agronome, mumetuletea dawa ya panya?" Msimu huu tulipanda ngazi kwa mama mmoja aliyeweka mbegu ya maharagi juu ya dari. Gunia lilikuwa limetobolewa, na mbegu iliyobaki ilinuka mikojo. Sumu alikuwa ameweka mara mbili. Panya walikufa, kuku wake wawili pia, kisha panya wengine wakaingia kwa tundu lile lile.

Maoni yetu ni haya: pesa ya sumu inunue kwanza wavu wa chuma. Panya jike anabeba mimba wiki tatu tu. Utaua leo, lakini kama njia iko wazi, kisha muda kidogo wamejaa tena.

Njia yenyewe iko wapi? Angalieni pale mabati yanakutana na ukuta. Tundu ambalo kidole gumba kinaingia, panya anapita. Lile la kalamu, panya mdogo wa nyumba anapita. Ukiziba na matambara atatafuna. Tuzibe kwa wavu wa matundu madogo sana, ao kwa simenti. Matawi ya avoka yanayogusa paa tuyakate, yabaki mbali kama mita mbili. Mbele ya kuziba, tutoe chakula darini na tutege mitego, tusije tukafungia panya ndani.

Wengine watasema wavu ni bei. Ndiyo, ni bei. Lakini koperative inaweza kununua rulo moja na kugawanya. Tena mtu akifunga peke yake, panya anahamia kwa jirani. Na mbegu tuipeleke depo, juu ya mbao zilizoinuliwa, mbali na ukuta.

Kwetu Ituri jambo hili linapita mbegu. Viroboto vya panya vinaleta tauni, ile tunaita pesti. Mkiona panya wengi wanakufa bila sumu, msiwashike kwa mkono. Toeni habari kwa kituo cha afya siku ile ile.

Kwa mkutano ujao, mbele ya mavuno, tuulizane: nani ana ngazi, nani ana nyundo, na tunaanza kwa nyumba ya nani?