Plastiki ni ya Njiani

Aliyewahi kulala chini ya shitingi hahitaji mtaalamu wa kumweleza. Unaamka alfajiri kambini Bulengo au Kanyaruchinya, enzi kambi hizo za waliokimbia vita zilipokuwepo pembeni mwa Goma, usiku kucha mvua haikunyesha hata tone, na blanketi lako limelowa. Unainua macho: matone yamejipanga upande wa ndani wa shitingi, moja linakudondokea puani. Maji hayo hayakutoka mbinguni. Yametoka kwenye pumzi za watoto, kwenye nguo zilizoanuliwa mbichi, kwenye sufuria ya maharage ya jioni, kwenye udongo mlioulalia. Plastiki iliyazuia yasitoke, na baridi ya usiku ikayageuza mvua ya ndani kwa ndani.

Sasa mtu huyohuyo, akipata picha anayoipenda, kalenda, afishi, picha ya harusi ya wazazi wake, kitu cha kwanza anachokitafuta ni plastiki ya kuifungia. Tena aifunge barabara, akaze fundo, juu yake azungushe skochi. Kisha anajipangusa mikono na kusema imepona. Mimi nasema ameizika ingali hai.

Nakusanya afishi. Wapo wanaocheka wakisikia mtu mzima anatunza vizuri tangazo la mgombea aliyeshindwa zamani, na siwalaumu. Ninazo za wagombea ubunge wa 2006, mwaka ule tulipowekewa wagombea urais 33 kwenye karatasi moja. Ninazo za chanjo ya polio, za Tamasha la Amani lililoanza Goma Februari 2014, za gorila wa Kahuzi-Biega, hifadhi ambayo kipande chake kimo Walikale, na kalenda za bia ambazo mke wangu hapendi zining'inie sebuleni. Ninazo hata zile chati za saluni, vichwa ishirini na mitindo ishirini ya nywele. Ukizitandaza kwa miaka yake unaona jambo ambalo hakuna hotuba itakayokuambia: za 2006 zipo, za 2011 zipo, za 2018 zipo, halafu Masisi inanyamaza. Desemba 2023 Masisi na Rutshuru, maeneo ya huku kwetu Kivu Kaskazini, hazikupiga kura kwa sababu ya vita. Pengo hilo ndani ya boksi langu nalo ni sehemu ya mkusanyiko. Lakini pengo la vita ni jambo moja, na pengo lililofanywa na ukungu kwa uzembe wangu ni jambo lingine.

Imani hii ya plastiki ilianza na kadi. Kongo hii kadi ya mpigakura ndiyo kitambulisho cha mtu. Unaionyesha kizuizini, unaionyesha benki, inalala mfukoni na jasho, inaloweshwa kwenye pikipiki. Lazima iplastifiwe, vinginevyo maandishi yanafutika kabla hujamaliza mwaka. Wakenya na Watanzania huita kazi hiyo laminesheni. Tumeizoea hivyo hata tumeamini kwamba kila karatasi ni kadi. Juzi nilipeleka afishi moja kwenye kibanda cha fotokopi, nilitaka nakala tu. Kijana akaishika, akaitazama, akawasha mashine yake nyingine.

"Papa, hii niplastifie? Itafika mpaka kwa wajukuu."

"Wajukuu wataitoaje mle ndani?"

"Waitoe wafanye nini?"

Waitoe waitengeneze, mwanangu. Waitoe wakaushe kona iliyonyonya maji. Mashine ile inayeyusha gundi kwa joto linalozidi nyuzi 100 na kuishindilia ndani ya nyuzi za karatasi; baada ya hapo karatasi na plastiki ni mwili mmoja. Pembeni ikibanduka hata kidogo, maji huingia na hayana njia ya kutoka. Rangi za printa ya wino hutanuka kama jeraha. Na karatasi za kuchapwa kwa joto, zile nyepesi kama za risiti, hutoka mashinani nyeusi tii. Nimeona mtu amesimama mbele ya kibanda ameshika kipande cheusi ambacho dakika moja nyuma kilikuwa ushahidi wa malipo yake. Hakuna aliyemrudishia kitu.

Kosa hili halikuanzia Goma. Marekani kulikuwa na bwana mmoja, William Barrow wa Virginia, ambaye tangu miaka ya 1930 alifunika hati za kale kwa utando wa selulosi asetati akitumia joto na mgandamizo. Maktaba na hifadhi nyingi za nyaraka zikamfuata, zikapitisha hazina zao mashinani mwake. Miaka ikapita, utando ule ukaanza kuoza wenyewe, ukitoa asidi yenye harufu ya siki, na wahifadhi wa leo wana kazi ya kuubandua hati kwa hati. Cha kushangaza, Barrow ndiye pia aliyetumia maisha yake kuonyesha kwamba asidi iliyomo ndani ya karatasi ndiyo inayoila. Alimjua adui, na bado alimfungulia mlango wa nyuma.

Tuje kwetu. Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa wingu linalolala juu ya kilima asubuhi na kwa madoa yanayolala juu ya mkate. Masisi ndiko neno hilo linakojieleza. Katika milima ile inayopita mita 2,000, hewa ya Novemba ina maji kiasi kwamba chumvi inashikana kwenye kopo. Karatasi nayo hunywa maji hayo kimyakimya bila kuonekana imelowa. Unaishika unaona kavu, unaitia mfukoni, unafunga. Umefunga na maji yake. Mchana jua linapiga bati, joto linayatoa karatasini. Usiku baridi inashuka, yanarudi yakiwa matone, upande uleule uliogusana na plastiki. Hewa ya mle ndani ikishapita asilimia 65 ya unyevu na kukaa hapo, ukungu unaota. Unaanza na vidoa vya rangi ya kutu, unaendelea na manyoya, unamalizia na uso wa mgombea uliobaki kwenye mfuko badala ya kwenye karatasi. Picha za studio zenye uso wa kung'aa ndizo za kwanza kunata. Ukizivuta, uso wa bibi harusi unabaki kwenye plastiki.

Walikale ni hesabu nyingine. Huko chini msituni joto na unyevu haviachani, na majira ya kiangazi unaweza kuyakosa ukisinzia. Pale Mubi na Njingala hutasubiri Juni ili karatasi ikauke. Zaidi ya hapo kuna mchwa, na mchwa haombi ruhusa kwa mfuko mwembamba. Anautoboa, na ndani anakuta giza na unyevu, nyumba aliyokuwa akiitafuta.

Na ipo mifuko ambayo yenyewe ni sumu. Zile plastiki laini za albamu, zinazonuka kama kitambaa kipya cha meza, hutoa mafuta yaliyotiwa ili zilainike. Mafuta hayo huhamia kwenye picha na kuvuta wino. Sheria yangu ni ya pua: ikinuka, isiguse picha.

Kuna wataalamu watakaonisahihisha, na wana haki. Hifadhi kubwa za nyaraka duniani hutumia mifuko ya poliesta, angavu, isiyo na harufu. Ni kweli. Lakini mara nyingi huiacha wazi upande mmoja au zaidi, huingiza karatasi iliyokwisha kukauka, na huiweka katika chumba ambacho unyevu wake unapimwa mchana na usiku. Sisi tumechukua mfuko tukaacha chumba.

Wapo pia wanaokata tamaa upande wa pili: tuwaachie wazungu watunze. Watanitajia Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya Zaire miaka ya 1970 juu ya vitambaa vya magunia ya unga, na kueleza picha zake kwa Kiswahili cha Katanga kwa mwanaanthropolojia Johannes Fabian. Takriban mia moja ziko Amsterdam. Ni sawa, zimehifadhiwa. Ila mtoto wa Masisi atazionea wapi, na viza ataipata kwa nani? Isitoshe, kinachozitunza kule ni rafu, hewa kavu na mtu anayezifungua mara kwa mara. Kati ya hivyo vitatu, hewa kavu tu ndiyo inayotupiga chenga.

Bibi yangu hakuwa na mashine wala mfuko. Alikuwa na kitenge kilichofuliwa hadi kikawa laini, na sanduku la mbao lililosimama juu ya mawe manne, mbali na ukuta. Picha ya ubatizo wa baba ilikaa humo, ikafika kwangu na kona moja tu iliyolika. Kitambaa cha pamba hunywa unyevu ukizidi na kuutoa ukipungua, nacho hakidondoshi maji juu ya mtu. Mimi nimeongeza kidogo tu. Afishi zinalala chali, hazikunjwi, katikati ya vipande viwili vya katoni. Baina yake naweka karatasi nyeupe, kamwe si gazeti, kwa sababu gazeti lina asidi na wino unaohama. Skochi nimeipiga marufuku. Sanduku liko mbali na jiko, maana hapa Goma makala si yale tu unayosoma sasa, ni makaa pia, na moshi wake unapaka masizi ya mafuta yasiyotoka. Juni mpaka Agosti nazitoa moja moja, nazianika kivulini nusu siku, nafuta vumbi kwa brashi laini ya rangi. Juani haziendi, jua hukausha haraka na kula wekundu haraka zaidi.

Kuna jambo moja ambalo mbinu zangu haziliwezi. Upepo mara nyingi husukuma moshi wa volkano zetu, Nyiragongo na Nyamulagira, kuelekea magharibi, Sake hadi Masisi. Moshi ule una salfa, na mvua inayopita ndani yake inakuwa chachu. Muulize yeyote mwenye bati huko bati lake linaota kutu baada ya muda gani. Kinachokula bati hakitaiheshimu karatasi. Kitenge kinapunguza, hakizuii.

Nimebakiwa na pingamizi moja, nalo ni la haki. Rafiki yangu wa Masisi alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza: "Na siku ya kukimbia?" Alikuwa ameshuka Sake kwa miguu Januari 2025, sanduku likabaki, nyumba sijui. Alichookoa ni kilichoingia kwenye mfuko mweusi, na mvua ilimnyeshea njia nzima. Siku ile mfuko ule ulikuwa na thamani kuliko hotuba zangu zote. Nilimwuliza aliufungua lini. Akafikiri. Miezi mitatu baadaye, akasema, kwa sababu alitaka kila kitu kikae tayari. Kadi ilikuwa nzima. Picha za wazazi wake zilikuwa zimeshikana zikawa tofali.

Mfuko ulifanya kazi yake yote ndani ya siku mbili za safari. Kilichoziua picha ni miezi mitatu iliyofuata, chini ya paa, zikiwa salama.

Wangu upo. Nimeununua mkubwa, mzito, usionuka, unaotosha katoni zote mbili pamoja na fundo. Umekunjwa juu ya sanduku, mahali ambapo mkono unaufikia gizani. Ndani yake hamna kitu.