Kompyuta Ikigoma Kuwaka, Mtoto Asigeuzwe Mshitakiwa

Jumapili usiku, binti wa kidato cha tatu anawasha laptopu ya nyumbani. Nembo inatokea, vidoti vinazunguka, basi. Humo ndani mna kazi ya shule ya kukabidhi kesho, hesabu za duka la mama na picha za marehemu bibi. Kabla hajasema neno, baba ameshafoka: "Umeifanya nini?"

"Sijafanya kitu, baba."

Hapo ndipo mambo yanapoharibika. Fundi mzuri huanza kwa kuuliza nini kilitokea mara ya mwisho, na mara nyingi anayejua ni mtoto. Kama alimwaga chai, laptopu isiwashwe tena; ichomolewe kwenye umeme, izimwe, ipelekwe kwa fundi. Kama aliacha flashi imechomekwa, huenda kompyuta inajaribu kuwakia kwenye flashi hiyo. Mtoto aliyetishwa hasemi lolote kati ya hayo.

Akishasema, mzazi anaweza kujaribu machache. Kioo kikionyesha kwamba inajisasisha, aisubiri, hata saa nzima. La sivyo, achomoe flashi, printa na chaja, abonyeze kitufe cha kuwashia kwa sekunde 15 bila kuachia, kisha arudishe chaja na kuwasha upya. Kioo kikibaki cheusi, akimulike kwa tochi ya simu: picha ikionekana kwa mbali, kilichokufa huenda ni taa ya kioo tu, na mafaili yako salama.

Kwenye Windows 10 na 11, ikikatizwa mara mbili au tatu mfululizo wakati inawaka, kwa kawaida huleta ukurasa wa matengenezo. Humo mna njia ya kuiacha ijirekebishe yenyewe, au kuiwasha katika hali salama. Lakini diski ikitoa mlio wa kugonga, izimwe papo hapo. Kila jaribio linaweza kuiumiza zaidi.

Ikishindikana, fundi atasema, "Hii tunapiga Window." Mzazi asiitikie haraka, maana kazi hiyo inaweza kufuta kila kitu. Wakubaliane kwanza kwamba mafaili yatatolewa. Mara nyingi diski huweza kuunganishwa kwenye kompyuta nyingine na mafaili yakanakiliwa, hata kama laptopu yenyewe haiwaki.

Kule nyumbani, mama ndiye aliyeketi karibu na binti na kuuliza taratibu. Ikajulikana kwamba jana umeme ulikatika laptopu ikijisasisha, na betri yake ilishakufa siku nyingi. Binti aliogopa kusema.

Saa nne usiku, baada ya kujirekebisha, ikawaka. Kabla ya mtu kwenda kulala, picha za bibi na hesabu za duka zilihamishiwa kwenye flashi. Aliyezihamisha ni binti. Baba alikuwa pembeni, akisema, "Nisamehe, mwanangu."