TAHARIRI: Ukilipia darasa la upishi Vietnam, anzia sokoni

KIJANA akisema anataka kulipia darasa la upishi, jibu la mtaani huja haraka: si kila kitu kiko TikTok? Ni kweli, video za kupika pho zimejaa tele. Ukiwa na bando na sufuria, hutakosa cha kupakua. Lakini madarasa mengi ya upishi kule Vietnam yana kitu ambacho simu haitakupa, nacho ni ile saa moja au mbili ya kuzunguka sokoni kabla ya jiko kuwashwa.

Tunalisema hili kwa sababu safari yenyewe si ndoto tena. Tangu Agosti 2023, Vietnam hutoa viza ya mtandaoni ya hadi siku 90 kwa raia wa nchi zote, Wakenya wakiwemo. Anayedunduliza hela za kwenda huko atakutana na matangazo ya madarasa haya katika kila mji wenye watalii, na ni vyema ajue anacholipia.

Chukua mfano wa Hoi An, mji wa kale ulio katikati mwa Vietnam, kando ya mto Thu Bon, ambao UNESCO iliuweka kwenye orodha ya turathi za dunia mwaka wa 1999. Mwalimu hukutana na wanafunzi asubuhi, wanaingia sokoni pamoja, wananunua, halafu ndio waende jikoni. Madarasa mengine hupitia kijiji cha Tra Que, ambako wakulima hupanda mboga kwenye udongo wa kichanga na kuurutubisha kwa majani ya majini.

Sokoni hapo ndipo somo lilipo. Tuseme unataka kununua nuoc mam, ule mchuzi mwembamba wa chumvi unaopatikana kwa kuvundika dagaa na chumvi kwa miezi mingi, wakati mwingine mwaka mzima. Chupa zimepangwa foleni na zote zinafanana. Mwalimu anayejua kazi yake atakuonyesha nambari iliyo kwenye lebo, labda 30 au 40, ikifuatiwa na herufi N. Hicho ni kipimo cha protini iliyotoka kwa samaki. Kadiri nambari inavyopanda ndivyo ladha inavyokolea. Basi ukisoma kwenye mapishi "vijiko viwili vya nuoc mam", swali ni vijiko viwili vya ipi? Ndiyo maana wapishi wa huko huchanganya nuoc mam na ndimu, sukari, maji, vitunguu saumu na pilipili, kisha wanaonja, wanaongeza, wanaonja tena. Kipimo ni ulimi.

Majani nayo ni shule nyingine. Sisi tumezoea fungu la dania na mambo yamekwisha. Kule meza moja inaweza kuwa na nanaa, rehani, mchaichai, majani ya zambarau yanayoitwa tia to, na rau ram, yenye harufu inayokaribia ya dania lakini yenye ukali wake. Mengi huliwa mabichi, yakiwekwa juu ya supu au kukunjwa ndani ya karatasi laini ya unga wa mchele pamoja na kamba. Huwezi kunusa video, jamani.

Hata hivyo, tuna ugomvi na baadhi ya waandalizi. Wapo wanaoligeuza soko kuwa mandhari ya picha. Watalii kumi na wawili wanaziba njia, wanampiga picha mama mboga amechuchumaa mbele ya kapu lake, wanacheka samaki anayerukaruka kwenye beseni, kisha wanaondoka bila kununua hata ndimu moja. Viungo viko jikoni tayari, vimeshakatwa na kupangwa vibakulini. Huo ni utapeli wa kistaarabu. Mama huyo amepoteza wateja wa asubuhi, ujuzi wake umeuzwa mbele ya macho yake, na hakuambulia hata ndururu. Kama maarifa ya sokoni yana bei, na bei hiyo inalipwa kila siku, lazima sehemu yake ifike kwenye meza ya muuzaji.

Inawezekana biashara hii ikamwinua mtu wa chini. Hanoi kuna shirika la KOTO, lililoanzishwa mwaka wa 1999 na Jimmy Pham, ambalo huwafunza upishi na kazi za hoteli vijana waliolelewa katika dhiki, wengine mitaani. Hapo anayekula anachangia karo ya anayepika.

Nasi huku tuna la kujifunza. Mdalasini, mchaichai, ukwaju na nazi si vigeni Marikiti ya Mombasa. Mgeni hulishwa pilau na biriani hotelini bila kuonyeshwa viungo vilikonunuliwa, ilhali kijana anayeijua Marikiti kibanda kwa kibanda yuko kijiweni akisubiri kibarua. Kazi hiyo ni yake, mradi wenye vibanda wapate chao pia.

Kwa hivyo kabla ya kutuma pesa, uliza maswali matatu. Je, tutanunua wenyewe vitu tutakavyopika, au tutapita tu? Kundi lina watu wangapi? Wakizidi wanane, hutasikia mwalimu anasema nini katika zile kelele. Na tunaanza saa ngapi? Ukiambiwa saa nne asubuhi, tafuta darasa jingine. Saa hiyo samaki wazuri wamekwenda zamani, na wauzaji wamechoka kujibu maswali.